Wasiofika Wodini

Jumatatu, 3 Juni 1996

Mikono inanuka spiriti hata baada ya kuoga. Asubuhi wodi ya wanaume, mchana ya watoto. Kila anayelazwa na homa, kikohozi na kuhema kwa taabu, namchukulia makamasi ya puani na kooni kwa kijiti chenye pamba. Kijiti kwenye kichupa, kichupa kwenye kasha la barafu. Watoto wananichukia. Leo mmoja kaning'ata kidole.

Akina mama wodini wananiita Sista Makamasi. Jina limeshika. Hata mpishi analitumia.

Dk. Mushi ndiye mwenye kazi hii. Katoka Dar es Salaam na Landrova na maboksi ya vichupa. Anataka kujua mafua makali, yale yanayoshuka kifuani, yanalaza na kuua watu kiasi gani wilayani hapa kila msimu wa baridi. Mganga mkuu kanitoa mimi nimsaidie. Hakuniuliza kama nataka.

Sikutaka. Malaria ninaielewa. Kipindupindu ninakielewa. Mafua?

Jumatano, 5 Juni

Ukungu hadi saa nne. Mwaka wa nne niko Songea na baridi hii sijaizoea. Kondoa kwetu baridi inakuja na kuondoka. Hapa Ruhuwiko ninakoishi inaingia chumbani na kukaa.

Umeme umekatika tangu jana asubuhi. Mitambo ya umeme haina dizeli. Barafu yote maji. Vichupa vya wiki nzima vimeharibika. Kazi ya wiki nzima, watoto wote wale waliolia bure.

Nilitegemea Dk. Mushi afoke. Hakufoka. Alikaa juu ya boksi, akavua miwani, akaifuta muda mrefu. Kisha akasema maabara itatupa kipande tu cha jibu. Kilichobaki itabidi tukikadirie.

Silipendi neno hilo. Wachuuzi wa mahindi wanaokuja na malori yao siku hizi ndio wanaokadiria, wanaangalia gunia na kusema. Binadamu hakadiriwi.

Nikaenda kumwaga maji ya kasha.

Jumatatu, 10 Juni

Leo tumeanza kutoka. Wodini tunawaona waliofika, kasema Dk. Mushi, na wasiofika tuwafuate majumbani. Tumeanza na Mshangano. Dereva wetu ni Haule, mwenyeji wa huku, anatusaidia kwa Kingoni pale wazee wanapochoka na Kiswahili chetu.

Maswali ni machache. Msimu wa baridi uliopita na huu, nani hapa nyumbani aliugua homa na kikohozi mpaka akashindwa kufanya kazi? Alihema kwa taabu? Alikwenda wapi? Yuko wapi sasa?

Nyumba ya kwanza mama mwenye nyumba alicheka mpaka akashika ukuta. "Mafua? Mmetoka Dar es Salaam kuja kuuliza mafua?"

Kila mahali jibu ni hilo. Mafua tu. Kikohozi tu. Baridi tu.

Nyumba moja karibu na shamba la mwisho, dada mmoja alisema hivyo hivyo, mafua tu, hatujambo wote. Haule akamwuliza kuhusu koti la kiume lililotundikwa mlangoni. La mume wake. Kafariki Julai mwaka jana. Alikohoa, akapata kichomi, ikafika mahali hawezi kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi katikati.

"Mlimpeleka hospitali?" nikauliza.

"Tulikuwa tunasubiri apate nafuu kidogo, ndiyo tumpeleke."

Hakusema kwa ujinga. Mgonjwa anayeshindwa kukaa, utampakiaje kwenye baiskeli? Nimeelewa mara moja, na kuelewa kwenyewe kumeniumiza.

Alhamisi, 13 Juni

Mshangano tena. Miguu inauma.

Sababu za kutokwenda hospitali. Mbali. Wakati wa mavuno. Mgonjwa mwenyewe alikataa. Siku hizi lazima uchangie gharama, na waliosikia kuhusu kuchangia ni wengi kuliko waliosikia nani anasamehewa. Duka la dawa lipo karibu, limefunguliwa mwaka jana tu, linauza vidonge vya rangi mbili kimoja kimoja kama peremende. Ukimeza viwili na homa ikashuka, umepona. Isiposhuka, ni mapenzi ya Mungu.

Miaka minne nimefanya kazi wodi ile nikidhani naona wagonjwa wa Songea. Nilikuwa naona waliofika.

Jumamosi, 15 Juni

Kufua. Kupika maharage. Nimepata sweta zito la mitumba sokoni, limeandikwa jina la shule ya Ulaya kifuani. Najisikia mwanafunzi. Joto lakini.

Jumanne, 18 Juni

Niandike hili vizuri.

Tulikuwa kijiji cha Maposeni. Nyumba ya Fidelis Komba, mkulima, mwanamume wa makamo. Alitukaribisha uani kwa adabu, akatuwekea vigoda. Mama yake, Bibi Walburga, alikuwa anaanika mahindi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuniangalia. Nikaanza maswali. Wote wazima? Wote wazima. Mke wako yuko wapi? Amepumzika ndani. Ana mafua tu.

Nikasikia kukohoa. Kukohoa kwa mtu asiye na nguvu ya kukohoa.

Nikaomba kuingia. Chumba kimejaa moshi na harufu ya majani ya mkaratusi, walikuwa wanamfukiza. Editha, mke wa Fidelis, kakaa kitandani akiegemea ukuta kwa sababu akilala anakosa hewa. Mdomo mweusi. Pua zinapanuka kila anapovuta pumzi. Mimba ya miezi saba.

Nilimwita Dk. Mushi kwa sauti ambayo sikuipenda.

Alimsikiliza kifua, mbele na nyuma. Alipotoka nje uso ulikuwa umebadilika. Utaratibu wetu uko wazi: tukikuta mahututi tunampeleka. Aliuandika yeye mwenyewe. Lakini alisimama pale kwenye Landrova mkono mlangoni, nikakasirika.

"Unangoja nini, daktari?"

"Nafikiri. Kila tunayembeba anageuka kuwa mtu aliyefika. Tukiwabeba wote, mwisho wa kazi nitaandika kwamba Maposeni watu wanafika hospitali. Na hawafiki, Sista Rukia. Umeona mwenyewe."

"Basi uandike uongo, lakini tumpakie."

Akaniangalia. Hakukasirika. Nadhani alikuwa ameshaamua kabla sijafungua mdomo. "Mpakieni. Tutamwandika asiyefika, maana bila sisi asingefika."

Kikwazo kikawa Bibi Walburga. Kasimama mlangoni. Mwenye kichomi hapitishwi kwenye upepo, kila mtu anajua. Mtoto wake wa pili alipitishwa kwenye upepo akafa njiani. Fidelis alikuwa katikati, mama huku, mke kule, anakunja na kukunjua kofia yake. Haule akaongea na bibi kwa Kingoni, taratibu, muda ambao mimi niliuona mrefu kupita kiasi. Sijui alimwambia nini. Baadaye kaniambia hakumbishia, alimwuliza tu habari za yule mtoto wa pili, akamwacha aseme.

Bibi alipomaliza kusema, akaingia ndani. Akatoka na blanketi mbili na kanga. Akamfunika Editha mpaka kichwani, kisha akapanda yeye mwenyewe kwenye gari, kiti cha nyuma, akamkumbatia.

"Kama ni upepo," kasema, "utupige wote."

Njia nzima nilihesabu pumzi za Editha. Nilipoteza hesabu mara nyingi. Niliogopa sana.

Jumatano, 19 Juni

Mtungi wa oksijeni wodini ni mmoja. Editha alipoufikia, ulikuwa kwa mtoto wa kitanda cha dirishani, naye nimonia. Muuguzi mwenzangu kaniangalia, mimi nikamwangalia.

Dk. Mushi hakuwa na kazi wodini. Yeye ni wa utafiti. Lakini alichukua Landrova na Haule wakaenda kuazima hospitali ya misheni. Tukawa tunahamisha mpira wa oksijeni kwa zamu, huyu kidogo, yule kidogo. Sitaki tena kufanya kitu kama kile maishani. Ukimwondolea huyu unaona midomo inavyobadilika rangi.

Mtungi ulikuja adhuhuri. Haule kauingiza kwa mgongo.

Nimeswali nikiwa nimechoka mpaka nikasahau niko rakaa ya ngapi.

Ijumaa, 21 Juni

Uchungu ulimshika alfajiri. Mapema mno. Tulijaribu kuuzuia, haukuzuilika.

Mtoto wa kike. Alilia, sauti kama ya paka mdogo. Mzuri. Kucha zote zipo. Tulimfunga pamba na kumlaza kifuani kwa mama yake, lakini mapafu hayakuwa tayari.

Editha hakuweza kusema kwa sababu ya pumzi. Alimwonyesha mume wake mkono, akafanya ishara ya msalaba. Fidelis akaelewa. Padre asingewahi. Akaniomba maji. Nikaleta kwenye kikombe cha bati. Alipokishika maji yakawa yanamwagika, kwa hiyo mimi nikashika kikombe naye akachota kwa vidole. Maria, nakubatiza. Akaendelea mpaka mwisho, bila kukosea.

Mimi Mwislamu nimeshika kikombe. Sikuona tatizo wakati ule na silioni sasa.

Alikufa kabla ya mchana.

Jumamosi, 22 Juni

Nimelala mchana kutwa. Nina hasira na kila mtu. Na baridi. Na dizeli. Na duka la vidonge vya rangi mbili. Na Dk. Mushi ambaye hajakosa kitu.

Jumatatu, 24 Juni

Walimzika jana Maposeni. Editha bado yuko wodini, hakuona. Homa imeanza kushuka. Bibi Walburga amerudi kulala chini ya kitanda chake, kwenye mkeka. Nilimpelekea uji. Kaniita mwanangu. Nikatoka nje haraka.

Tumerudi kwenye nyumba. Maswali yale yale. Alihema kwa taabu? Alikwenda wapi?

Sasa siwezi kuuliza kwa sauti ile ya zamani.

Ijumaa, 28 Juni

Maposeni, upande wa mbali. Watu wamesikia. Wanatupokea kabla hatujabisha hodi. Wanaume wawili wameleta wagonjwa mpaka barabarani wangoje Landrova. Mmoja kalazwa, mmoja ni mafua kweli, mafua tu, tumempa panadoli.

Dk. Mushi kapiga paji la uso na kucheka. "Unaona? Hesabu tumeshaiharibu." Kisha akasema laiti kungekuwa na gari la kuharibu hivi kila kata.

Leo nilimpenda kidogo, kama mtu.

Alhamisi, 4 Julai

Editha katoka wodini. Kakonda, anatembea akishika kuta, lakini anahema vizuri. Fidelis alikuja na baiskeli aliyoifunga mto kwenye kiti cha nyuma. Haule akamwambia asitutie aibu, baiskeli ipande juu ya gari.

Akiaga, Editha aliniuliza kama mtoto aliumia. Nikasema hapana. Nadhani ni kweli. Naomba iwe kweli.

Jumatano, 10 Julai

Nimegombana na Dk. Mushi. Mimi ndiye niliyegomba, yeye alijibu.

Tulikuwa tunapanga karatasi za Maposeni. Editha yumo: mafua makali, amelazwa, amepona, asingefika. Sawa. Nikauliza mtoto yuko wapi. Akasema mtoto ni njiti, kafa kwa kuzaliwa kabla ya wakati. Anaingia kwenye hesabu nyingine ya watu wengine.

"Kwa nini kazaliwa kabla ya wakati?"

Akainamia karatasi.

"Daktari, ni ugonjwa ule ule."

"Najua." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Lakini nikimwingiza, watakaosoma wataniuliza dalili. Homa, kikohozi, kuhema. Mtoto hakukohoa, Sista."

Mtoto hakukohoa. Nilitoka nikaenda kukaa kwenye ngazi za maabara. Nilitaka kuacha kazi. Nilikuwa tayari kumwambia mganga mkuu anirudishe wodini hata leo.

Akanifuata baadaye na vikombe viwili vya chai. Hakuniomba radhi na sikutaka aniombe. Akakaa ngazi ya chini yangu. Akasema anajua tunavyohesabu ni pungufu. Mzee anayepona mafua kisha moyo unasimama wiki mbili baadaye, hayumo. Mama anayeacha shamba kuuguza na familia ikakosa chakula Februari, hayumo. Mimba zinazotoka, hazimo. Kila unapochora mstari wa nani anahesabiwa, kuna mtu unamwacha upande wa pili. Usipochora, huhesabu kabisa.

"Na ukichora ukajua umemwacha?"

"Unasema umemwacha. Kwa maandishi, palepale, ili atakayesoma asidhani hakuwepo."

Chai ilikuwa na sukari nyingi. Nimeinywa yote. Sijaacha kazi.

Jumatano, 17 Julai

Nyumba za mwisho Ruhuwiko, mtaa wangu mwenyewe. Jirani ninayeazimana naye chumvi kapoteza kaka yake Agosti iliyopita. Kichomi. Sikuwahi kujua. Msiba ulikuwa kijijini kwao, na mimi nilikuwa zamu.

Jumatatu, 29 Julai

Mkutano Maposeni kabla Dk. Mushi hajaondoka. Alisema lazima tuwaambie wenyewe kwanza, kabla ya wakubwa. Ofisi ya kijiji ilijaa, wengine wakasimama madirishani. Fidelis alikuwepo. Bibi Walburga mbele kabisa.

Dk. Mushi hakuleta karatasi. Aliongea kama mtu anayesimulia. Alisema wodini alikuta wagonjwa wachache wa mafua makali, akadhani ugonjwa ni mdogo. Kisha akaingia majumbani, akakuta kwamba kwa kila mmoja aliyefika, wapo wengi zaidi waliobaki kitandani, na waliokufa walikufa wengi wao humo humo kitandani. Kwa hiyo anachukua waliofika, anaongeza wale ambao nyumba zimemwonyesha, anapunguza wale ambao maabara inasema ni ugonjwa mwingine, na anapata kiasi. Si hesabu kamili. Inaweza kuzidi, inaweza kupungua. Lakini iko karibu na kweli kuliko kitabu cha wodi.

Huko ndiko kukadiria, neno lililonichukiza Juni. Leo nilimsikiliza na kuona wale wasiofika wakiingia mmoja mmoja katika sentensi zake, hata yule wa Mshangano mwenye koti. Sikuwa na ugomvi nalo tena.

Mwenyekiti wa kijiji akainuka. Kauliza swali ambalo wote tulikuwa tunaliogopa.

"Sasa daktari, mkishajua, inakuwaje?"

"Nitawaambia wenye kupanga mafungu ya fedha. Nitawaambia mitungi ya oksijeni, gari, na wajawazito waangaliwe kwanza msimu wa baridi. Watakachofanya sikijui. Nikiwaahidi nitakuwa nawadanganya."

Manung'uniko. Mzee mmoja akatoka. Bibi Walburga akageuka kuwaangalia wanaonung'unika, akasema kwa Kiswahili, polepole, ili hata sisi tusikie:

"Amesema hajui. Mwacheni. Wengine hawajawahi hata kuja kutuambia hawajui."

Watu wakacheka. Mkutano ukalainika.

Baada ya hapo Dk. Mushi akanipeleka kando ya gari, akanionyesha ukurasa wa rasimu. Mistari michache kwa mwandiko wake mbaya. Kwamba makadirio haya hayajumuishi watoto waliozaliwa kabla ya wakati na kufa kwa sababu mama zao waliugua, na kwamba timu ilishuhudia kifo cha namna hiyo, na kwamba mzigo halisi ni mkubwa kuliko ulioandikwa hapa.

Nikauliza kama wakubwa wataiacha mistari hiyo ipite. Akasema atapigana.

Jumanne, 30 Julai

Landrova imeondoka na Dk. Mushi, Haule anaendesha mpaka Dar. Uwanja wa hospitali mpana ghafla. Kesho wodi ya watoto, zamu ya asubuhi.

Jumapili, 11 Agosti

Nimekwenda Maposeni mwenyewe. Nilipata nafasi kwenye lori la mahindi linalokwenda kupakia. Bila karatasi. Bila vijiti. Nilibeba sukari na kilo ya mchele.

Baridi imeanza kulegea. Jua lilikuwa zuri. Fidelis alikuwa ametoka kanisani, bado na shati jeupe. Editha kanenepa usoni. Alinipeleka nyuma ya nyumba, kwenye kaburi dogo. Wamelizungushia mawe, wamepanda maua mekundu ambayo jina lake sikuuliza. Tukasimama. Nikasoma Fatiha kimoyomoyo. Yeye alisema yake.

Kisha tukarudi uani tukakaa mkekani kupukuchua mahindi na Bibi Walburga. Hakuna aliyeniuliza habari za ripoti. Tuliongea juu ya panya, juu ya mbolea isiyoshikika bei siku hizi, juu ya binamu wa Fidelis aliyepata kazi Mbinga.

Editha akaniuliza kama wazazi wangu wako Kondoa bado.

Baba yuko, nikasema. Mama alifariki nikiwa darasa la sita.

"Alikuwa na nini?"

Nikafungua mdomo. Nilijua nitakachosema, maana ndicho tulichosema nyumbani miaka yote hii. Kikohozi tu. Alipata kikohozi wakati wa baridi, tukadhani kitapita. Nilikuwa namshikia mgongo akae. Sikuwahi kulisimulia jambo hili kwa mtu. Huwa nasema tu aliugua. Leo nimelisema lote: mkeka, taa ya kibatari, dada yangu aliyekwenda kumwita baba shambani, jinsi mama alivyotaka kusema kitu na pumzi haikutosha.

Mikono yao haikuacha kupukuchua. Editha hakusema pole mpaka nilipomaliza. Kisha akasema.

Bibi Walburga akauliza alikuwa anaitwa nani.

"Hawa," nikasema.

"Hawa," akarudia. Akasogeza ungo karibu yangu na kunipa hindi jingine.